UZI: Ukuta wa tofali za urembo unalowa kwa ndani. Nyumba ipo Bwiru, masika ya pili haya. Naomba wenye ujuzi wanisaidie

Mwana_Bwiru

Mwangaluka wakuu.

Naomba mnisomee hadi mwisho. Ni ndefu kidogo, lakini nimeshatoa hela mara mbili kwa jambo hili na sitaki ya tatu ipotee.

Nyumba yangu ipo Bwiru, Mwanza, upande unaoshuka kuelekea ziwani. Ni nyumba ya kawaida: tofali za saruji za inchi sita, lipu, bati, vyumba vitatu. Mwezi wa nane 2022 tukaamua kuvisha ukuta wa mbele na ule wa pembeni unaotazama ziwa kwa tofali nyekundu za kubandika. Nyumba ikapendeza kwelikweli.

Masika ya kwanza hatukuona kitu. Masika ya mwaka jana mke wangu akafungua kabati la chumbani kwetu, lile lililojengewa kwenye ukuta wa upande wa ziwa. Akatoa doti ya kanga aliyopewa na mama yake siku ya kumuaga, hajaivaa hata mara moja. Alipoikunjua, kila penye mkunjo pana mstari wa madoa meusi madogo kama punje za ulezi, na harufu ya gunia lililolala chini kwa muda mrefu. Nikapitisha mkono nyuma ya nguo, nikagusa ukuta. Ulikuwa wa baridi na unateleza. Nikasukuma ukucha, ukazama kwenye skimu kama kwenye muhogo uliochemka. Mke wangu alikaa kitandani na ile kanga mapajani, hakusema neno. Siku hiyo ndiyo niliapa nitalijua tatizo hili hadi mzizi wake.

Fundi wa kwanza akasema ni fangasi tu. Akakwangua, akapaka dawa, akapiga rangi ya mafuta kwa ndani "ili maji yasipite". Miezi mitatu baadaye rangi ikavimba malengelenge. Ukitoboa lengelenge kwa pini, maji yanatoka.

Fundi wa pili akasema maji yanaingilia nje. Akapiga vanishi tofali zote mikono miwili, na chini kabisa ambapo tofali zinakutana na ardhi akaziba kwa silikoni mstari mzima. Hali ikawa mbaya zaidi. Sasa hivi chini ya vanishi kuna unga mweupe, na tofali mbili zimebanduka.

Kuna jambo moja linanichanganya. Mvua za huku mnazijua, nyingi zinapiga usiku au alfajiri. Asubuhi nikigusa ukuta wa ndani, mkavu. Saa tisa alasiri, jua limewaka kutwa nzima, ndipo ukuta unatoka jasho kwa ndani. Mvua ikinyesha haulowi, jua likiwaka unalowa. Hii ni nini?

---

Kiseke_Juu

Pole sana mkuu. Huo unga mweupe ni chumvi. Nina uhakika fundi wako alitumia mchanga wa ziwani. Mchanga ule una chumvi, ndiyo maana wazee walikuwa wanaukataa.

---

FundiTimazi

Kiseke_Juu, kwa heshima zote, hapo hapana. Ziwa letu ni la maji baridi. Watu wanakunywa maji yake, sato na sangara wanaishi humo. Chumvi ya kula ukuta haitoki ziwani. Mambo ya mchanga wa chumvi ni ya bahari, waachie Dar na Tanga. Mchanga wa ufukweni huku una ubaya mwingine, punje zake laini mno na una matope, lakini si chumvi.

Unga huo mweupe asili yake ni kwenye saruji yenyewe, kwenye udongo uliofinyangia tofali, kwenye ardhi chini ya msingi, na wakati mwingine kwenye maji ya kisima yaliyotumika kukorogea. Chumvi imelala humo siku zote haina madhara. Maji yakipita yanaiyeyusha na kuibeba. Yanapofika usoni pa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Kwa hiyo ukiuona unga usiulize mchanga umetoka wapi, uliza maji yanapita wapi.

Mwana_Bwiru, nina miaka ishirini na kitu kwenye mwiko. Naomba unifanyie mambo mawili kesho. Kwanza, chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga tofali moja moja. Ziweke alama ya chaki zote zinazolia utupu. Pili, bandua moja karibu na dirisha, utuambie nyuma yake kukoje: gundi imeenea yote, au ni madonge?

---

Mwana_Bwiru

Fundi, nimefanya. Nimegonga kuanzia usawa wa magoti mpaka kifuani. Zaidi ya nusu zinalia kama debe. Nilipobandua moja chini ya dirisha, maji yalishuka kwenye kiganja changu, na jana haikunyesha. Nyuma kuna madonge matano, manne kwenye pembe na moja katikati, na katikati ya madonge pana uwazi. Ukuta wa saruji pale nyuma una ukijani, ule wa kwenye mawe ya ziwani.

---

FundiTimazi

Ndivyo nilivyohofia. Madonge matano ni uvivu. Gundi ya vigae inapakwa yote kwa mwiko wa meno, ukutani na mgongoni mwa tofali, ukibandika unasukuma ili hewa itoke. Ukiweka madonge unakuwa umejenga vijitangi vya maji mamia, na vanishi imevifunga mifuniko. Sikulaumu wewe, ulimwamini mtu. Lakini hiyo kazi haikuwa kazi.

---

Mtoto_wa_Magu

Wakuu habari. Nimezaliwa Magu, kwa sasa naishi Ohio, Marekani. Nimeusoma uzi huu nikasisimka, maana tatizo hili nimelipata huku, kwenye nyumba ya tofali.

Nyumba nyingi za tofali za huku si za tofali. Kinachobeba paa ni fremu ya mbao. Tofali zinapangwa kwa nje, mstari mmoja tu, zinasimama zenyewe juu ya msingi na kushikwa na vipande vya bati vinavyogongewa kwenye mbao. Kati ya tofali na mbao kunaachwa nafasi ya hewa, angalau inchi moja, yaani milimita 25. Chini kabisa panawekwa karatasi isiyopitisha maji iliyokunjwa kuelekea nje, na juu yake, kwenye kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa tofali, wanaacha vitobo. Kanuni za ujenzi zinataka vitobo hivyo visiachane zaidi ya inchi 33, kama sentimita 84.

Nilipofika nikadhani vitobo ni vya kupitisha hewa tu. Fundi mmoja mzee akanielewesha kwa maneno ambayo sijayasahau. Aliyebuni ukuta huu alijua tangu mwanzo kwamba maji yatapita kwenye tofali. Hakupigana nayo, aliyatengenezea mlango wa kutokea.

Nyumba yangu ilikuwa na mlango huo, ila mwenye nyumba aliyenitangulia aliuziba. Nyigu walikuwa wanaingia kwenye vitobo, akavijaza silikoni, halafu akapandisha udongo wa maua mpaka ukafunika kozi mbili. Nilipofungua ukuta kwa ndani, mbao za chini zilikuwa zinamomonyoka mkononi. Ndani ya ile nafasi ya hewa kulikuwa na mabonge ya saruji yaliyodondoka wakati wa kujenga, yamefanya daraja kutoka tofali hadi kwenye mbao, maji yanavuka juu yake.

Uingereza wana mtindo wao: kuta mbili, ya nje tofali na ya ndani bloku, katikati milimita 50 au zaidi, na DPC, yaani tabaka linalozuia maji ya ardhini yasipande ukutani, inawekwa angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje. Wazo ni lile lile.

Huku tuna adui wa ziada ambaye Mwanza hamna: barafu. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, uso wa tofali unaruka vipande. Ninyi hilo mmesalimika.

Sasa Mwana_Bwiru, kinachoniuma ni kwamba wewe umechukua sura ya ukuta wa huku bila nafasi yake ya hewa wala vitobo. Halafu pale chini, sehemu pekee ambayo maji yangeweza kuponyokea, wakaziba silikoni.

---

Jabali_Refu

Nimesimamia majengo Mwanza na Geita, naomba nijibu lile swali la jua, maana ndilo kiini cha uzi huu na halijajibiwa.

Mnajua mtungi wa maji wa udongo? Maji yake yanakuwa ya baridi kwa sababu mtungi unatoka jasho: maji yanapenya kwenye udongo uliochomwa yanatokea nje yanakauka. Tofali la kuchoma ni udongo ule ule. Likinyeshewa saa nne usiku mpaka alfajiri linashiba maji. Na kati ya tofali na tofali, pale saruji inaposhikana na udongo, kuna nyufa nyembamba kuliko unywele ambazo zinavuta maji zenyewe hata bila upepo. Upepo wa ziwani ukisukuma, ndiyo zaidi.

Asubuhi maji yapo ndani ya tofali na kwenye vile vijitangi vya nyuma. Ukuta wa ndani bado mkavu kwa sababu maji hayajasafiri. Kisha jua linatoka. Ukuta wako unatazama ziwa, yaani machweo, unapigwa kuanzia saa saba mpaka jioni. Tofali jekundu chini ya jua la huku linaweza kupita nyuzi 50. Maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke wa nyuzi 50 una msukumo karibu mara nne ya ule wa nyuzi 25 za chumbani. Utaenda wapi? Mbele kuna vanishi, chini kuna silikoni. Unarudi nyuma, unapita kwenye tofali la saruji na lipu, unakutana na rangi ya mafuta. Hapo unakwama, unapoa, unakuwa maji. Ndiyo malengelenge yako. Na kabati lililobana ukuta linazuia hewa, kwa hiyo pale ndipo penye baridi na giza, fangasi wanafanya makao.

Wanaotumia kiyoyozi usiku na mchana wanaharibu zaidi, kwa sababu ukuta wa ndani unakuwa wa baridi muda wote na mvuke unamiminika kuufuata.

Mafundi wako wote wawili walifanya jambo moja, walifunga. Mmoja kafunga ndani, mwingine nje, ukuta ukabaki katikati unachemka.

---

Mama_Nyegezi

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Naomba niongeze, maana si kila unyevu unatoka kwenye mvua ya ukutani.

Nyumba yetu ipo mlimani, tumechimba tukaipachika. Ukuta wa nyuma umevishwa mawe ya urembo, na nyuma yake hatua mbili tu ni mlima. Wa Mwanza mnaelewa: juu kuna jabali, maji ya mvua hayazami kwenye jabali, yanateleza yote mpaka yanapokutana na udongo, kisha yanatembea chini kwa chini juu ya mwamba. Ukuta wangu ulikuwa umesimama njiani kwao.

Mwanangu wa mwisho ana pumu. Alikuwa analala chumba hicho cha nyuma. Kila masika tulikuwa tunakimbia hospitali usiku, na mimi nikidhani ni vumbi au paka wa jirani. Daktari ndiye aliyeniuliza, "Mama, chumbani kwake ukutani kukoje?" Baadaye nikajua kwamba Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na fangasi majumbani, na pumu imo. Nimelia kwa hilo, sioni aibu kulisema. Ningejua ningemhamisha chumba mwaka wa kwanza.

Tulichofanya: mtaro nyuma ya nyumba yote, kina chake kikapita chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Chini bomba lenye matobo, linalala kwa slopu, juu yake kokoto, kokoto zimezungushiwa kitambaa kinachochuja ili matope yasiingie. Bomba linatoa maji pembeni mpaka kwenye mfereji wa barabarani. Ukuta hatukuugusa miezi minne. Ulikauka wenyewe kuanzia juu kwenda chini, nilikuwa naweka alama ya penseli kila Jumapili. Tulianza alama ikiwa sentimita 90 kutoka sakafuni. Mwezi wa tisa ilikuwa 15.

Kaka Bwiru, kabla hujavunja, tazama kwanza doa lako lina umbo gani.

---

Jabali_Refu

Mama_Nyegezi amesema neno kubwa. Doa linaongea. Mstari wa kulala unaozunguka chumba kuanzia sakafuni, kawaida hauzidi mita moja, hayo ni maji yanayopanda kutoka ardhini: DPC haipo, imepasuka au imefukiwa. Doa linaloshuka kutoka pembe za chini za dirisha, hilo ni ukingo wa dirisha. Linaloanzia juu kwenye dari ni gata, bati au parapeti, yaani ule ukuta mfupi wa juu unaoficha bati. Doa la peke yake katikati, lisilojali mvua wala kiangazi, hilo mara nyingi ni bomba.

Kama huna uhakika unyevu unatoka ukutani au ni mvuke wa hewa ya chumbani unaogeuka maji, kata nailoni nyepesi kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, uiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta ndio unaotoa. Yakiwa upande wako wa chumbani, ni mvuke wa mapishi, bafu na pumzi, dawa yake ni kufungua madirisha.

Kutafuta pa kuingilia, tumia mpira wa maji siku kavu. Anzia CHINI, lowesha sehemu moja dakika kumi au zaidi, mtu yupo ndani na tochi, kisha panda. Ukianzia juu maji yatashuka yatapita kila mahali na hutajua lipi ni lipi.

---

Igoma_Mwisho

Samahani kuingilia. Mimi sijabandika, nimejenga kwa tofali za kuchoma zenyewe, za tanuru la pumba za mpunga, nataka kuziacha wazi bila lipu. Zinahitaji vanishi? Muuzaji ananiambia bila vanishi zitakwisha.

---

FundiTimazi

Igoma, usianze na vanishi, anza na tofali. Tanuru halichomi sawa. Zilizokaa katikati zimeiva, za pembeni na juu ni mbichi. Gonganisha mbili: iliyoiva inalia kama kengele, mbichi inalia kama ubao. Halafu pima. Chukua mizani ya dukani, pima tofali kavu, lizamishe kwenye ndoo saa 24, lifute, pima tena. Nilipima moja huko Kisesa, kavu kilo 2.6, lililoloweshwa kilo 3.2. Hiyo ni asilimia 23, yaani karibu robo ya uzito wake ni maji. Tofali kama hilo sipangi nje, nalificha ndani nalipiga lipu. Kwa kulinganisha, zile tofali ngumu za kihandisi za Uingereza haziruhusiwi kuvuka asilimia 7.

Vanishi naikataa, na nitaendelea kuikataa. Inang'aa mwaka mmoja, kisha jua linaipasua. Maji yanaingia kwenye mipasuko kwa urahisi, kutoka hayawezi. Kama lazima upake kitu, kuna dawa za jamii ya silani na siloksani. Hazifanyi ngozi juu, zinaingia kwenye vinyweleo vya tofali, maji ya mvua yanateleza lakini mvuke unatoka. Ila nazo hazizibi ufa. Kama viungo vya saruji vimekatika, fukua milimita 20 kwenda ndani, safisha, lowesha kidogo, jaza upya. Na usijaze kwa saruji kali kuliko tofali lenyewe, itakatika pembeni. Weka chokaa kidogo, mchanganyiko uwe laini.

Lililo bora kuliko dawa zote ni paa lililotoka nje vya kutosha. Zamani huku nyumba zilikuwa na upenu unaofunika ukuta. Siku hizi kila mtu anataka kuficha bati.

---

Kiseke_Juu

Nimekubali kuhusu mchanga, fundi, asante kwa kunisahihisha. Hapo kwenye kuficha bati umenigusa, yangu ni ya parapeti na juu ya madirisha kumeanza michirizi.

---

Jabali_Refu

Kiseke, panda juu uangalie kichwa cha parapeti. Nyingi zimepigwa lipu tambarare na rangi, basi. Kinatakiwa kifuniko, cha zege au bati, kinachomwaga maji kuelekea kwenye paa, kitokeze pande zote mbili, na chini ya kile kinachotokeza pawe na mkato ili tone lidondoke lisirudi ukutani. Pia angalia bati linapokutana na parapeti, flashingi, kile kipande cha bati kinachofunika kiungo hicho, iwe imechimbiwa ndani ya ukuta, isiwe imebandikwa kwa silikoni peke yake.

---

Mwana_Bwiru

Wakuu, nimekaa na mke wangu tumesoma uzi wote kwa pamoja. Doa letu lina maumbo mawili: pembe za chini za dirisha, na mawingu mawingu nyuma ya kabati. Nailoni ilitoa matone upande wa nyuma. Na nimekwenda kupima nje: bustani ya mke wangu imefunika kozi nzima ya tofali, DPC ipo sentimita 6 CHINI ya udongo.

Swali langu ni moja. Nibandue zote, au nitoboe tu vitobo chini na kuondoa silikoni?

---

FundiTimazi

Kama nafasi ya nyuma ingekuwa moja inayoshuka mpaka chini, ningesema toboa. Ya kwako ni vijitangi, kila kimoja peke yake, kitobo cha chini hakitavifikia. Ukuta wa ziwani bandua wote. Wa mbele una upenu wa kibaraza, hauna dalili, toa vanishi tu uuache.

Fanya mwezi wa sita, mvua zikishakata. Ukibandua, usibandike tena haraka. Acha ukuta uchi kiangazi chote.

---

Mtoto_wa_Magu

Nakazia hapo pa kusubiri. Wenzetu wa Uingereza wana kanuni ya kukadiria, mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta. Kwa jua la Mwanza na pande zote mbili zikiwa wazi pengine ni haraka zaidi, lakini usihesabu kwa wiki.

---

Mwana_Bwiru

MREJESHO, Desemba.

Wakuu, niliahidi nitarudi.

Tulianza wiki ya pili ya Juni. Kubandua ukuta wote ilikuwa kazi ya siku tatu, tindo na nyundo ndogo. Nyingi zilitoka zima zima kwa sababu zilikuwa hazijashika, kwa hiyo karibu theluthi mbili nimeziokoa. Tulishusha udongo wa bustani sentimita 22 ukuta wote, mke wangu amehamishia maua kwenye vyungu. Rangi ya mafuta ya ndani tuliikwangua yote, na lipu iliyolegea tukaibomoa mpaka kwenye bloku. Kabati tumelitoa ukutani.

Ukuta ulibaki uchi Juni mpaka mwisho wa Agosti. Majirani waliuliza kama tumeishiwa. Kila Jumapili nilikuwa nabandika nailoni, njia ya Jabali_Refu. Wiki ya tisa ndipo ilipotoka kavu.

Kisha: lipu mpya ya nje, kingo za dirisha za zege zenye slopu na mkato kwa chini, zimetokeza sentimita 5. Tofali tumezirudisha nusu ya juu tu, gundi imepakwa yote, nilisimama hapo hapo na fundi tukawa tunabandua moja kila mstari kukagua mgongo wake. Hakukasirika, alisema ni mara ya kwanza mwenye nyumba anamwuliza jambo hilo. Kuanzia usawa wa dirisha kushuka chini nimeacha lipu yenye rangi ya maji, hakuna tofali. Ndani ni chokaa na rangi ya maji. Kabati sasa linasimama sentimita 7 kutoka ukutani na halina ubao wa nyuma.

Vuli imepiga mwezi mzima wa Novemba na nusu ya huu. Usiku wa tarehe 9 ilinyesha kutoka ziwani kwa upepo mpaka bati lilikuwa linatetemeka. Kesho yake saa tisa alasiri nikaweka kiganja ukutani, pale pale. Ukuta ulikuwa na joto kidogo, mkavu. Nikamwita mke wangu aweke wake. Ile kanga tumeipeleka kwa fundi cherehani, kipande kimoja hakikuwa kimeharibika sana, ameshonea mtoto gauni.

Fundi Timazi, Jabali, Mama Nyegezi, Mtoto wa Magu, Mungu awabariki. Sijawahi kuwaona lakini mmeingia nyumbani kwangu.

Limebaki doa moja. Kona ya bafu, ukuta huo huo, kama ukubwa wa sahani. Halikauki kiangazi, haliongezeki mvua. Jabali ulisema doa lisilojali mvua mara nyingi ni bomba, kwa hiyo jana usiku nilifunga koki zote, na valvu ya tangi, nikapiga picha mita ya maji. Asubuhi imesogea lita 11. Fundi bomba yupo bafuni anavunja vigae ninavyoandika hapa.

---

FundiTimazi

Safi sana. Mwambie akishaunga bomba asizibe siku hiyo hiyo. Aache tundu wazi, usiku wa leo soma mita tena.